Kwenda magofu ya Pemba: Pujini na Ras Mkumbuu, hatua kwa hatua

Kila likizo ikikaribia naletewa maswali yale yale. Magofu ya Mkama Ndume yako wapi, namlipa nani, gari inafika mpaka pale, ni kweli kuna majini, naweza kwenda na watoto, na mbona mwenzangu alikwenda akarudi anasema kule hakuna kitu ni mawe tu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika tano tano, kwa hiyo naandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii na usinune.

Na huyo aliyesema ni mawe tu wala simlaumu. Magofu ya Pemba sio kama Ngome Kongwe pale Forodhani, Unguja mjini, kwamba unashuka kwenye daladala unapiga picha unakula urojo unaondoka. Haya yapo mashamba, mengine yamezungukwa na mihogo ya watu, mengine yamekaliwa na miti mpaka ukuta na mzizi huujui upi ni upi. Ukifika saa saba ya mchana, jua la utosi, nyasi zimefika kiunoni, hujui unatafuta nini na mwenye boti anakuita turudi maji yanaondoka, basi kweli utaona mawe tu. Kazi kubwa ya safari hii iko kabla hujatoka nyumbani, kuchagua siku na kumpata mtu wa pale pale kijijini, yaliyobaki ni kutembea.

Kwanza ujue unakwenda wapi

Watu wanasema "magofu ya Pemba" kama ni mahali pamoja. Sio. Yapo mengi ila anayeanza aende haya:

Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, kama kilomita 10 hivi. Hapa ndipo kwa Mkama Ndume, yule mtawala wa zamani wa Pujini. Unakwenda kwa gari au bodaboda au hata baskeli kama miguu ipo, bahari haikuhusu. Kama ni mara yako ya kwanza anza hapa.

Ras Mkumbuu, ile rasi ndefu iliyofunga ghuba ya Chake Chake kwa upande wa kaskazini, magofu yapo kule karibu na ncha. Hapa unakwenda kwa boti, au kwa nchi kavu kupitia Ndagoni kisha unatembea. Ni pazuri kuliko pote, na ndipo wengi wanapoharibikiwa safari.

Chwaka, karibu na Tumbe, kule juu kaskazini, kuna magofu watu wanayaita ya Haruni na makaburi ya ukoo wa Mazrui. Nayataja kwa sababu moja tu: sio Chwaka ya Unguja! Usicheke, kuna mtu alinipigia simu yupo pwani ya Chwaka ya Unguja ananiuliza msikiti uko upande gani. Hiyo nitaiandika siku nyingine.

Vitu vya kuwa navyo

- Viatu vya kufunika mguu. Kandambili zako ziweke kwenye mkoba kwa ajili ya boti, sio kwa ajili ya kichaka.
- Nguo ndefu, suruali au gauni, ila kitambaa kisiwe cha kunasa nasa. Mna upupu na miba, na isitoshe unapita katikati ya vijiji vya watu, kwa hiyo kaptula na mabega wazi acha hotelini. Dada, kanga moja ya ziada inakufaa kwa kila kitu, kujitandia, kukalia, kujifutia.
- Maji lita mbili kwa kila kichwa, na kitu cha kutafuna. Mie hubeba tende na mkate wa kumimina, haviharibiki na havimwagiki. Kama ni Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu hata kama wewe hufungi.
- Noti ndogo ndogo. Ukifika kijijini na noti ya elfu kumi tupu unataka chenji utamsumbua kila mtu.
- Pawa benki, na ramani uwe umeshaidaunlodi kabla, mana neti kuna sehemu inakuja inakwenda.
- Tochi, hata ya simu.
- Mfuko wa kurudisha takataka zako.

Na kitu cha kutokuwa nacho: panga. Naona vijana wanabeba eti wasafishe njia. Miti iliyoota juu ya kuta zile mizizi yake imeingia ndani ya ukuta, mingine ndiyo inayoushikilia usianguke, ukikata na kuvuta mzizi unashuka na jiwe lililokaa pale miaka mia tano. Waachie wanaojua.

Hatua zenyewe

1. Chagua msimu.
Masika, Machi mpaka Mei, sahau. Njia inakuwa utelezi, na mvua zikikatika majani yanakuwa yamepanda kiasi kwamba tuta la Pujini unapita juu yake hulioni. Mie napenda kuanzia Julai kwenda mbele majani yanapoanza kukauka, au Januari na Februari. Ukibahatisha msimu wa karafuu unapata na zawadi nyingine, barabara nzima majamvi yameanikwa karafuu, harufu inaingia mpaka ndani ya gari. Mwambie dereva asikanyage majamvi ya watu, ile ndo ada ya skuli ya watoto pale chini.

2. Hesabu maji (kama unakwenda Ras Mkumbuu kwa boti).
Hii ndo hatua watu wanairuka, na mie mwenyewe niliiruka. Mara yangu ya kwanza tulikuwa watu sita, tukapanga Jumapili kwa sababu Jumapili hakuna kazi, basi, hiyo ndo sababu pekee. Kumbe ilikuwa bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana. Tumetoka Wesha, bandari ya Chake Chake, saa tatu kwa maringo, tunafika maji yameshakimbia, boti haikaribii, tukashuka mbali tukavuka tope na mawe makali kwa miguu mwenzetu mmoja kiatu kikabaki hapo hapo. Kurudi sasa, boti imelala ubavu kwenye mchanga kama ng'ombe. Tulikaa kivulini mpaka saa nane na zaidi ndo maji yakaanza kuinyanyua, na maji ya kunywa yalikwisha saa sita.

Sasa hesabu yenyewe ni rahisi, huhitaji apu, unahitaji kalenda ya Kiislamu ya ukutani. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, hizo siku na moja mbili zinazofuata ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Kwa huku kwetu siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, kwa hiyo kwenye saa nne asubuhi yamekauka kabisa. Ndo saa hiyo hiyo wageni wote wanapotaka kufika! Kila siku inayopita yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki, tarehe 8 mpaka 10 hivi za mwezi wa Kiislamu na tena tarehe 22 mpaka 24, inageuka, maji yamejaa kwenye saa nne asubuhi na yenyewe ni maji mafu, hayapandi sana hayashuki sana. Hizo ndo siku zako. Unatoka saa mbili na nusu, unashuka maji yapo, unatembea kwa raha zako, unaondoka saa sita au saba boti bado inaelea.

Ukiwa huna kalenda muulize mvuvi yeyote "bamvua lini?" atakujibu bila hata kutazama juu. Na nahodha akikwambia siku fulani haifai msibishane, kuna wateja wanalazimisha kwa sababu wameshalipia hoteli, bahari haijui hoteli yako. Muulize na upepo pia, kusi likivuma, hasa Juni mpaka Agosti, mchana bahari inachafuka na kurudi kunakuwa kuoga.

3. Pita makumbusho ya Chake Chake kwanza.
Yapo ndani ya ngome ya zamani pale pale mjini. Saa moja inatosha. Faida ya kwanza unaona vitu vilivyotoka kwenye magofu na maelezo yake, kwa hiyo ukifika kule macho yanajua yanatafuta nini. Faida ya pili unauliza hapo hapo habari za ada na ruhusa, mana magofu yapo chini ya idara ya serikali inayosimamia makumbusho na mambo ya kale, na mambo ya bei hubadilika, usimtegemee mtu aliyekwenda mwaka juzi. Dai risiti. Kama una nia ya kupiga filamu au kurusha drone sema hapo mapema, hiyo ina vibali vyake na usijaribu kurusha kimya kimya.

4. Patana usafiri mpaka mwisho.
Neno la muhimu hapa ni kusubiri. Sio "unanipeleka kwa ngapi", ni "unanipeleka, unanisubiri masaa matatu, unanirudisha, kwa ngapi". Watu wengi wanapatana kwenda tu, bodaboda anawashusha Pujini anaondoka, kurudi wanatembea na jua. Kwa boti ulizia na petroli kama imo, na uhesabu makoti ya kuokolea kwa macho yako kabla hujapanda, watu sita makoti sita, sio "yapo mengine nyumbani". Wenye boti wengi watakwambia unganisha na Misali, kisiwa kipo huko huko na pazuri kwa kuogelea, ila Misali ina ada yake ya hifadhi, na ukiunganisha mara nyingi magofu yanapewa nusu saa ya haraka haraka. Kama magofu ndo nia yako anza nayo, Misali baadaye.

Wa nchi kavu kwenda Ras Mkumbuu, tafuta dereva anayeijua njia ya Ndagoni, na akuambie kabla atakufikisha wapi, mana kuna mahali gari inabaki na miguu inaanza. Hapo hesabu saa nzima ya kutembea kwenda, nyingine kurudi, na usianze saa tisa.

5. Piga hodi.
Kabla ya kuingia magofuni ingia kijijini. Muulizie sheha, yaani kiongozi wa serikali pale mtaani, au msaidizi wake, au mzee yeyote aliyekaa barazani, salimia, sema wewe nani na umekuja kwa nini. Haichukui dakika kumi. Sio kwamba utakatazwa, ila eneo lile watu wanalima, wanafunga ng'ombe, na wana makaburi yao. Halafu ukipiga hodi ndo unapata mtu wa kukutembeza.

Nilipokwenda Pujini mara ya pili niliwakuta vijana wa mjini wameshapita moja kwa moja na gari yao mpaka ndani. Mie nikaenda barazani, nikamwambia mzee mmoja shikamoo babu, akanijibu marahaba mjukuu wangu, watoka wapi, nikamweleza. Akawatazama wale vijana kwa mbali akasema: "Mwaja kutazama mawe, wenye mawe hamwaamkii." Kisha akanipa mjukuu wake wa miaka kumi na tano hivi tukaenda. Wale vijana nusu saa walikuwa wameshaondoka, na kisima, nadhani, hawakukiona.

Mtu wa kukutembeza umpe kitu, mpatane mwanzo kwa heshima au mwisho umpe kwa mkono, ila usimpe mtoto pesa mbele ya wenzake kumi.

6. Pujini: tembea hivi.
Usikimbilie katikati. Anza na tuta. Mahali hapa palikuwa boma, pamezungushiwa ukuta na tuta la udongo na handaki, na ukipanda juu ya tuta ukalifuata ndo unaelewa ukubwa wake, ukiwa ndani huelewi. Boma la namna hii kwenye pwani ya Waswahili ni nadra, ndo mana wataalamu wanalipenda. Mtaalamu wa mambo ya kale Adria LaViolette alichimba hapa miaka ya 1990, na boma linahesabiwa kuwa la karne ya 15 kuingia ya 16.

Upande wa mikoko muulize kijana wako akuonyeshe mlipokuwa mnaingia maji ya bahari, vyombo vilikuwa vinafika karibu na boma.

Halafu kisima. Hapa kaa. Inasimuliwa kwamba Mkama Ndume, ambaye jina lake ni Muhammad bin Abdulrahman, alikuwa na wake wawili wasiotazamana, akawajengea kisima kimoja chenye ukuta katikati, mmoja anashuka ngazi kuteka, mwengine anateka kwa ndoo na kamba, ili wasikutane. Wengine wanaona ni hadithi ya kuchekesha, mie nadhani mwenye ukewenza nyumbani kwao anaielewa vizuri sana. Tazama ngazi, tazama ukuta, halafu usishuke kama kuna utelezi.

Jina lenyewe wazee wanalifasiri mkamua wanaume, kukama kama vile unavyokama ng'ombe. Wanasema watu wake walibebeshwa mawe ya ujenzi wakiwa wanasota, makalio chini, haruhusiwi mtu kusimama. Sasa fanya kitu kimoja, usicheke, tafuta jiwe moja lililoanguka, usilinyanyue, litazame tu na upime kwa macho uzito wake, kisha tazama urefu wa tuta. Hapo ile hadithi inakaa vingine.

Chini ya ardhi kulikutwa chumba chenye nakshi ya siwa kwenye lipu ya chokaa, siwa ile baragumu ya wafalme. Usiingie mahali popote chini ya ardhi peke yako wala bila kuulizia, dari za chokaa za miaka mia tano hazikupi taarifa kabla ya kuanguka.

7. Ras Mkumbuu: tembea hivi.
Nenda msikitini kwanza na utafute mihrabu, ile sehemu ya ukutani anaposimama imamu. Mecca ipo karibu sawasawa kaskazini mwa Pemba, kwa hiyo mihrabu inaangalia kaskazini, na hiyo ndo dira yako ya siku nzima hata simu ikizima. Ukishaijua kibla unajua na makaburi: maiti analazwa ubavu anaelekea kibla, kwa hiyo kaburi linalala mashariki magharibi. Ukiona kijiukuta umeduwaa hiki nyumba au kaburi, tazama kimelala vipi, mara nyingi unapata jibu.

Kisha makaburi yenye nguzo. Yale marefu yanayosimama kama minara midogo. Makaburi ya namna hii pwani ya Waswahili yalikuwa yanapambwa kwa mabakuli ya kigeni, ya Kichina na kwengineko, yanabandikwa kwenye chokaa ikiwa mbichi. Sogea karibu bila kugusa utafute vishimo vya duara, vina ukubwa kama wa sahani ya uji. Mabakuli yalishakwenda, ila kishimo kimebaki na ukitazama vizuri ndani utaona chokaa bado ina alama ya ule mviringo, kama sufuria inavyoacha alama kwenye majivu. Mie kile kishimo kinanishika kuliko msikiti mzima sijui kwa nini.

Tazama na mawe yenyewe. Yale ya ukutani yenye mashimo mashimo ni mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Yale laini yaliyochongwa kwenye pembe na mihrabu yanatolewa baharini, yakiwa na maji yanachongeka kama muhogo, yakikauka yanakuwa magumu. Ukishaijua tofauti hiyo hutosema tena ni mawe tu.

Na historia kidogo kwa wanaopenda: al-Masudi, yule msafiri wa Baghdad, alisafiri kutoka kisiwa alichokiita Qanbalu mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917, akaandika kwamba wamo Waislamu wanaosema lugha ya Zanji, yaani ya watu wa pwani hii. Wataalamu wengi wanaona Qanbalu ni Pemba, na Ras Mkumbuu ndipo panapotajwa zaidi. Majengo unayoyaona juu ni ya baadaye, karne ya 14 hivi, ya zamani zaidi yapo chini yake. Mtaalamu mwengine wa mambo ya kale, James Kirkman, alichimba hapa miaka ya 1950. Inatosha, tuendelee.

8. Picha.
Asubuhi au alasiri, mchana kuta zote zinakuwa bapa. Usipande juu ya kaburi wala ukuta kupata pozi. Nasema usipande, najua utanambia fulani alipanda na haikutokea kitu, haikutokea siku ile. Usipige watu picha bila kuwaomba, hasa kina mama shambani.

9. Acha kila kitu pale pale.
Utaona vigae chini, vipande vya vyungu, pengine kimoja cha buluu kinang'aa. Kitazame, kipige picha, kiache. Kuchukua ni kosa kisheria, lakini hata bila sheria, kigae kina maana pale kilipo, kikishafika kwenye droo yako ni takataka. Na wale wa kuchimba kutafuta hazina, wanaharibu kila mahali na ukimwona mtu na koleo mwambie sheha.

Sehemu nyengine utakuta vitambaa vyekundu na vyeupe, sarafu, kijichungu cha ubani. Usiguse, usicheke, usipige video na maelezo ya kijinga. Ni nadhiri za watu. Uamini usiamini hiyo shauri yako, ila sio vyako.

Maswali ya majini na watoto

Majini: mie nimekwenda mara nyingi na sijaona kitu, ila naingia kwa salamu na bismillahi na natoka kabla ya magharibi, na ukiniuliza kwa nini natoka kabla ya magharibi nitakwambia ni kwa sababu ya mbu.

Watoto: Pujini sawa, kuanzia miaka saba hivi, ila mkono wa mtoto usiuachie karibu na kisima. Ras Mkumbuu kwa boti sawa siku za maji mafu, kwa miguu hapana.

Ukikwama

*Umefika huoni kitu.* Umekuja msimu wa majani. Usianze kufyeka. Rudi kijijini umchukue mtu, atakupitisha kwenye vijia vya ng'ombe ambavyo wewe hukuviona.

*Umeingia upupu.* Usijikune, ukijikuna unausambaza. Usijimwagie maji kidogo kidogo pia. Omba majivu makavu nyumba ya karibu, jipake, yasugue taratibu yaondoke nayo, kisha badilisha nguo. Hapa ndo utaikumbuka ile kanga ya ziada.

*Mtu anakudai pesa na hujui ni nani.* Usigombane. Mwambie kwa upole ada nimelipa, risiti hii hapa, kama kuna nyengine twende kwa sheha. Anayestahili atakubali mwende. Wengi wataishia kucheka.

*Mtu anakuuzia kigae au sarafu ya zamani.* Mwambie hapana ahsante, usiulize hata bei. Ukiuliza bei kesho atachimba.

*Umepotea kichakani Ras Mkumbuu.* Rasi ni nyembamba, bahari iko pande zote mbili, chagua upande wenye sauti ya maji, ufike pwani, kisha fuata ufukwe. Usiendelee kuzunguka ndani.

*Jua limekushika, kichwa kinazunguka.* Kivuli, maji kidogo kidogo, kitambaa cha maji shingoni, na safari imekwisha hapo, magofu hayahami.

*Boti imekaa mchangani.* Msiisukume wote kwa pupa, mtavunja mashine na migongo. Nahodha aweke nanga, mtu mmoja apige simu hotelini au nyumbani aseme tutachelewa ili watu wasianze kulia, gawaneni maji yaliyobaki kwa kipimo, kisha kaeni kivulini. Chomeka kijiti pale maji yalipoishia, ukiona kimeanza kulowa chini hesabu saa moja na kitu, ndo mkusanye vyombo.